Wepesi wa Mkono Hauji kwa Haraka

Juzi jioni kijana mmoja jirani yangu alinijia, mikono yake ikiwa bado ina grisi na uso wake umekunjamana kama wa mtu aliyetoka msibani. Mwaka uliopita yeye na mkewe waliunganisha akiba zao wakanunua lori dogo kuukuu, Canter la kubebea mchanga na matofali, wakitumaini kwamba litawaongezea pato. Ili kupunguza gharama, kijana huyo aliamua kwamba matengenezo madogo madogo atayafanya mwenyewe.

"Mzee," aliniambia, "kazi ambayo fundi huimaliza kwa saa moja, mimi hunichukua siku nzima. Mama watoto ameanza kuniuliza kama lori tulilinunua ili litulishe au ili nilale chini yake. Nadhani nina mkono mzito. Afadhali niache."

Nilimkaribisha chai, nikamsimulia habari za mjomba wangu wa Tarime. Aliponiaga alikuwa ametulia kidogo. Na kwa kuwa najua wapo wengi miongoni mwetu wanaojiona wana mkono mzito katika kazi zao, iwe ni kazi ya cherehani, ya tanuri la mikate au ya injini, nimeona yafaa habari hizo nizilete katika safu hii ya leo.

LORI MOJA, MIDOMO MINGI

Mwaka 1981 nilimaliza darasa la saba mjini Mwanza. Wakati nikingoja matokeo ya mtihani, wazazi wangu walinipeleka kukaa kwa mjomba, mjini Tarime. Wale wasioifahamu wilaya hiyo, yafaa niwaambie kwamba iko kaskazini mwa Mkoa wa Mara, mpakani na Kenya. Ni nchi ya vilima na baridi, yenye kustawisha ndizi, mahindi, mihogo, ulezi na kahawa. Upande wake wa kusini unapita Mto Mara, uletao maji kutoka Kenya mpaka Ziwa Victoria, nao ndio uitenganishao na Wilaya ya Serengeti ambayo makao yake makuu ni Mugumu. Mfanyabiashara wa Tarime anayetaka kupeleka ndizi Mugumu au Musoma hana budi kuuvuka mto huo.

Mjomba alikuwa na lori moja aina ya Bedford, lililokwisha kuwa la makamo wakati huo. Juu ya lori hilo ilitegemea nyumba yenye watoto wanane, bibi mzee, na mimi niliyekuja kuongeza sahani mezani. Watoto wake wakubwa wawili, wote wavulana, walikuwa mautingo wake. Nami nikapewa cheo cha utingo wa tatu, maana yake mshika tochi na mwangalizi wa saa, kwani mjomba alinikabidhi saa yake ya mkononi ili isipate mikwaruzo anapofanya kazi.

Wenye umri wa kuikumbuka miaka ile wataelewa shida yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa mtu wa Tarime jambo hilo halikuwa habari ya gazetini tu. Sirari, ulipo mpaka, ni jirani yake. Na ng'ambo ya Sirari ndiko vilikokuwa vikitoka vipuri vingi. Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda sana. Fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikawa vya kutafutwa kama dawa. Mafundi mjini walikuwapo, lakini kila mmoja alikuwa na foleni ya magari, na foleni hailishi watoto. Hivyo basi mjomba akatamka mbele ya wanawe, "Kuanzia leo fundi ni sisi wenyewe."

Kutamka ni rahisi.

SAA TANO KANDO YA BARABARA

Siku moja ya Novemba tulipakia ndizi za akina mama sita, tukashika njia ya Mugumu ili tuwahi gulio. Kabla hatujaufikia Mto Mara, tairi la nyuma upande wa kushoto likapata pancha. Tairi la akiba nalo lilikuwa limelala tangu wiki iliyotangulia, kwani kila mmoja wetu alidhani mwenzake atalishughulikia.

Binamu zangu waliruka chini kwa bidii kubwa. Wili spana ilipatikana chini ya mikungu ya ndizi. Jeki ilipatikana nyuma ya kiti. Mpini wa jeki haukuonekana kwa muda wa nusu saa, kumbe tulikuwa tumeukalia. Zilipofika zamu za nati, mambo yakawa mabaya zaidi. Malori mengi ya zamani ya Kiingereza, na ya Kijapani pia, yalikuwa na nati za kushoto zilizokatwa kinyume: za upande wa dereva hufunguliwa kama nati yoyote, lakini za upande wa utingo hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Vijana hawakulijua hilo. Walikanyaga spana kwa zamu, jasho likiwatoka, na kila walipokanyaga wakawa wanazidi kuzikaza. Mjomba mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta maji. Dereva mmoja aliyepita ndiye aliyesimama, akacheka mpaka akashika kiuno, akawaonyesha.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kuitoa pete ya rimu, kuchomoa mpira wa ndani, kuutafuta tundu, na kuuziba. Solusheni ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Ilibidi tuombe kwa mwenye baiskeli. Tulipokaza nati ya mwisho nilitazama saa ya mjomba: saa tano na dakika ishirini zilikuwa zimepita.

Tulipofika Mugumu gulio lilikuwa limekwisha kuvunjika. Ndizi ziliuzwa jioni kwa bei ya kutupa. Mama mmoja aliyekuwa akitegemea fedha hizo kwa sare za shule za wanawe hakusema neno lolote. Alijifunga khanga yake vizuri, akakaa juu ya gunia tupu, akitazama chini. Mjomba aliniambia baadaye kwamba laiti mama yule angemtukana, ingekuwa nafuu.

DAFTARI LA MAMA

Usiku ule, baada ya chakula, mke wa mjomba, ambaye sote tulimwita Mama, alitoa daftari la shule na kalamu. Mama alikuwa mmoja wa wale waliojifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya watu wazima, baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na alikuwa na wivu mkubwa wa elimu yake hiyo. Hakupenda ikae bure. Akaniuliza kila jambo lilichukua muda gani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na saa, nikamweleza kadiri nilivyokumbuka, naye akaandika polepole, mstari kwa mstari.

Alipomaliza kujumlisha alinyamaza kidogo. Kisha akamwambia mumewe, "Baba watoto, mikono ya vijana hawa ilifanya kazi kwa muda usiofika saa mbili. Saa tatu na zaidi walikuwa wakitafuta, wakibishana, na wakirudia walichokosea. Hawana mkono mzito. Kizito ni kutafuta."

Ndugu msomaji, maneno hayo ya mama aliyesoma ukubwani ndiyo kiini cha makala yangu ya leo. Tunapomwona fundi hodari akifungua na kufunga kwa wepesi, twadhani kwamba mikono yake inakwenda mbio. La hasha. Mtazame vizuri. Mikono yake inakwenda taratibu kuliko yetu. Tofauti ni kwamba hana mahali anaposimama: haulizi spana ya ngapi, hajiulizi nati hii inageukia wapi, hatafuti kitu alichokiweka sasa hivi. Maswali hayo yote aliyajibu zamani, mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, na kwa kuwa kila mara aliyajibu namna moja, siku hizi mikono yake haimwulizi tena.

JUMAPILI ZA KURUDIA

Kuanzia juma lile mjomba aliweka utaratibu. Kila Jumapili alasiri, lori likiwa uani halina ugonjwa wowote, vijana walilitoa gurudumu lile lile la nyuma na kulirudisha. Mama alishona turubai kuukuu likawa na mifuko, kila spana mfuko wake, na mpini wa jeki ukapata kitanzi chake. Turubai hilo lilitandazwa upande mmoja daima, mkono wa kulia wa mfanyaji kazi. Aliyeweka spana chini badala ya kuirudisha mfukoni aliambiwa aanze upya.

Majirani walitucheka. "Hawa wanalichezea tairi zima kama watoto," walisema. Binamu yangu mdogo aliona haya, akataka kazi ifanyike asubuhi kabla watu hawajaamka. Mjomba akamjibu, "Mura, barabarani utatazamwa na watu wengi zaidi ya hawa."

Utaratibu ulikuwa huu, na haukubadilika. Mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Nati zilegezwe kidogo wakati gurudumu bado limekanyaga ardhi, kwani likiwa hewani litazunguka pamoja na spana. Jeki chini ya ekseli. Gogo la mti mgumu chini ya ekseli hiyo hiyo, pembeni mwa jeki, ili jeki ikiponyoka lori liangukie gogo lisimwangukie mtu. Nati zote katika karai moja. Gurudumu litoke, gurudumu lirudi. Nati zikazwe kwa kuvukana, hii na iliyo mkabala wake, wala si kwa kufuatana, ili gurudumu likae sawa. Na baada ya mwendo wa kilomita kadhaa, lori lisimamishwe nati zikazwe tena.

Jumapili ya kwanza kazi hiyo ilichukua saa moja na dakika arobaini, ingawa tulikuwa uani, pakavu, na mchana. Jumapili ya pili ilipungua kwa karibu robo saa. Jumapili ya nne ilikuwa kama saa moja na dakika tano. Ya nane haikufika saa nzima. Halafu daftari likaanza kutukatisha tamaa. Kwa majuma kadhaa muda haukupungua hata kidogo, na Jumapili moja uliongezeka. Binamu yangu mkubwa akasema kwamba sasa tumefika mwisho wa uwezo wetu. Mama akamwonyesha kwamba Jumapili ile walikuwa wakizungumza habari za mpira wa miguu. Ilipofika Jumapili ya kumi na sita, dakika zilikuwa kama arobaini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilikutana na jambo lililonifanya nikumbuke daftari lile. Mhandisi mmoja wa Marekani, Theodore Wright, aliandika mwaka 1936 juu ya viwanda vya kuundia ndege. Aligundua kwamba kila idadi ya ndege zilizoundwa ilipoongezeka maradufu, kazi ya mikono iliyohitajika kwa ndege moja ilishuka hadi kufikia karibu asilimia 80 ya ile ya awali. Kwa mfano, kama kitu cha kwanza kilichukua dakika 100, cha pili kitachukua 80, cha nne 64, cha nane 51, na cha kumi na sita 41. Daftari la Mama halikuifuata hesabu hiyo kwa unyoofu, lakini lilikaribia kiasi cha kunishangaza.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili kwa jamaa yangu mwenye Canter. La kwanza ni la faraja: faida kubwa hupatikana mwanzoni kabisa, na yule anayeacha baada ya mara mbili au tatu anaondoka mlangoni pa karamu. La pili ni la subira: kila unapotaka kupata faida nyingine kama ile ya kwanza, itakubidi urudie mara nyingi zaidi. Mtaalamu mwingine, Crossman, aliyechunguza kazi ya watengenezaji wa sigara kiwandani, alionyesha mwaka 1959 kwamba wafanyakazi waliendelea kuongeza wepesi kwa miaka, baada ya kutengeneza sigara nyingi mno. Hivyo basi asijidanganye mtu kwamba kuna siku atakapokuwa amemaliza kujifunza.

USIKU WA MVUA

Desemba 1983 nilirudi Tarime kwa likizo. Mpaka ulikuwa umefunguliwa mwezi uliotangulia, na watu walikuwa na matumaini. Usiku mmoja tulikuwa tukitoka upande wa Nyamwaga kuelekea mjini, mvua ikinyesha. Njiani watu walitusimamisha na tochi. Walikuwa wamembeba mama mjamzito juu ya kitanda cha kamba, uchungu umemshika tangu mchana na mtoto hatoki. Mjomba alimweka mbele, pamoja na mkunga wa kijiji, sisi tukahamia nyuma.

Hatukwenda mbali. Tairi la nyuma, upande ule ule wa kushoto, liligonga jiwe lenye ncha likaisha upepo.

Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alishuka akaenda mahali pake. Turubai lilitandazwa kwenye matope, upande wake wa daima. Nilishika tochi. Tairi la akiba lilikuwa zima, kwani tangu siku ile ya Mugumu halikulala tena hata usiku mmoja bila kuzibwa. Mawe yaliwekwa, nati zikalegezwa, jeki ikainuliwa. Ndipo binamu yangu mkubwa, akisikia jinsi mama yule alivyokuwa akigumia, akasema, "Tata, gogo tuliache. Tutapoteza wakati."

Mjomba hakupandisha sauti. "Mura, gogo tutaliweka kama tulivyoliweka Jumapili zote."

Gogo likawekwa. Lilichukua muda mfupi mno, pengine chini ya dakika moja. Gurudumu lilikuwa limekwisha kutoka, na binamu yangu mdogo alikuwa ameingiza mkono na bega ndani kusafisha matope kwenye bolti, wakati jeki ilipozama katika ardhi laini na kulala upande. Lori lilishuka kwa kishindo, likatua juu ya gogo, likasimama. Nafasi iliyobaki juu ya bega la kijana yule ilikuwa kama upana wa kiganja.

Tulisimama kimya kwa muda. Kisha mjomba akatafuta jiwe pana la kuwekea jeki, akainua upya, na kazi ikaendelea kwa utaratibu ule ule. Saa ilionyesha dakika arobaini na sita. Mama mjamzito alifikishwa hospitali, naye akajifungua salama kabla ya alfajiri. Kesho yake niliposoma daftari nilikuta muda umeandikwa, na chini yake maneno mawili tu: "Gogo limeshika."

Natafakari mara nyingi juu ya usiku ule. Kama vijana wale wasingalifanya mazoezi, tungalikaa pale saa tatu, na sijui yangalimpata nini mama yule. Lakini kama wangalijizoeza kukimbia tu, kupunguza dakika kwa kuruka hatua, basi usiku ule tungalimwokoa mmoja na kumzika mwingine. Walichojifunza Jumapili zile ni kufanya yote, kila mara, bila kutafuta na bila kubishana. Dakika zilizopungua zilikuwa za kutangatanga. Za gogo hazikuguswa.

YANAYOFAA KUIGWA

Kwa kijana mwenye Canter, na kwa kila mwenye chombo cha kumtafutia riziki, naona mambo machache yafaa kuzingatiwa.

Kwanza, achague kazi chache zinazojirudia, asitake kujua yote kwa mara moja. Kubadili gurudumu, kuziba mpira, kubadili filta na mkanda wa feni, na kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, hizo zatosha kwa mwaka wa kwanza. Hiyo ya mwisho huwatesa wengi. Dizeli ikiishia njiani, hewa huingia katika mirija, na injini haiwezi kuwaka hata starta ikizungushwa mpaka batri lifariki. Katika injini za mtindo wa zamani, hulegezwa skurubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta, pampu ndogo hupampiwa kwa mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, skurubu hukazwa, kisha hufanywa vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mara ya kwanza ni kazi ya asubuhi nzima. Ukiifanya mara kumi kwa mpango mmoja, ni kazi ya dakika chache.

Pili, vifaa viwe na makao. Hata mfuko wa unga uliooshwa wafaa kushonwa mifuko. Hapa ndipo nyumba nzima inapoweza kusaidia, kwani mkono wa mama watoto katika kazi ya lori la mjomba haukuwa mdogo kuliko wa mautingo.

Tatu, aandike. Kumbukumbu zetu zina upendeleo. Hukumbuka tulivyotoka jasho, husahau tulivyotafuta. Aandike muda, na aandike kilichomchelewesha. Juma linalofuata aondoe kitu kimoja tu kati ya hivyo.

Nne, asirudie kosa. Mwenye kurudia kosa mara ishirini hujifunza kosa hilo vizuri kabisa, na kulitoa mkononi ni kazi kubwa kuliko kulizuia. Mara za mwanzo aende polepole na kwa usahihi, hata kama ataombwa na nafsi yake akimbie. Akikosea, asimame, arudi nyuma, ndipo aendelee.

Tano, zipo hatua zisizohesabiwa kuwa ni ucheleweshaji. Gogo chini ya ekseli ni mojawapo. Nyingine ni rimu zenye pete. Upepo wote utolewe kwa kuchomoa sindano ya valvu kabla pete haijaguswa. Na wakati wa kujaza, mtu asisimame mbele ya pete, nayo ifungwe kwa mnyororo, kwa sababu ikiruka ina nguvu ya kuua. Wapo mafundi wenye uzoefu mkubwa walioumia kwa pete, nao waliumia kwa ajili ya uzoefu wao huo. Waswahili walisema mazoea yana taabu.

Sita, ajue mpaka wake. Magari ya siku hizi si Bedford la mjomba. Mengi yana tairi zisizo na mpira wa ndani, na injini zinazosimamiwa na vifaa vya elektroniki, ambazo fundi huzisoma kwa mashine. Malori makubwa yana chemba za breki za upepo zenye springi kali ndani yake. Mtu asiyefundishwa asizifungue kamwe. Kazi za namna hiyo zipelekwe kwa fundi, na kijana mwenye hamu ya kuzijua akajifunze. Vyuo vya ufundi stadi chini ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vipo kwa ajili ya watu kama yeye. Kujitegemea si kujifanya tunajua tusiyoyajua.

PAPO KWA PAPO

Wazee wetu walisema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wengi tunaitumia methali hiyo kusifu subira peke yake, lakini tazama maneno yenyewe. Hayakusema kwamba kamba hukata jiwe kwa sababu imepita mara nyingi. Yamesema papo kwa papo, yaani pale pale. Kamba ya kisimani ingepita leo hapa na kesho pale, jiwe lingebaki zima mpaka kamba ikakatika. Huacha mfereji kwa sababu kila siku, kila ndoo, hupita katika njia moja.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayejifunza kufua, kwa binti anayejifunza cherehani, kwa baba aliye chini ya lori. Tusiwaambie "fanya haraka." Neno hilo halijamfundisha mtu kazi. Tuwaambie, "fanya tena, kama ulivyofanya vizuri jana."

Mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki, na Bedford lake liliuzwa kama chuma chakavu. Binamu yangu mdogo, yule wa bega, leo ana wajukuu na bado ni fundi. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimkuta akimfundisha kijana kutoa gurudumu la Fuso. Jeki yake ni ya kisasa, ya mafuta, yenye nguvu nyingi. Pembeni mwa jeki hiyo, chini ya ekseli, palikuwa na gogo.

Na yule jirani yangu? Jumamosi nilisikia nyundo uani kwake, nikachungulia juu ya ukuta. Alikuwa chini ya Canter kama kawaida. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, simu yenye saa mkononi, na daftari la mtoto wao magotini. Sikuwasemesha.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.